Rangi za masharti kwenye lahajedwali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wahasibu wa shule, watunza hazina wa sacco, wenye maduka ya dawa na makarani wa miradi hapa Uganda. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana kompyuta nyingi za maofisini kwetu zimepangwa kwa Kiingereza. Mifano mingi ni ya Excel. Pale Google Sheets inapokwenda njia yake, tumesema.

Rangi za masharti zina tofauti gani na rangi ninayopaka mwenyewe?

Ukipaka kwa mkono, kisanduku kinabaki na rangi hiyo hata mambo yakibadilika. Mzazi akimaliza karo Jumatatu, jina la mtoto linaendelea kuwa jekundu mpaka mtu akumbuke kulisafisha, na kwa kawaida hakuna anayekumbuka. Kwa rangi za masharti unaiachia programu kanuni: baki ikizidi sifuri, paka nyekundu. Kila takwimu inapobadilika programu inauliza swali lile lile upya. Jibu likiwa ndiyo, rangi inatokea. Likiwa hapana, inaondoka. Takwimu iliyomo ndani haiguswi.

Naanzia wapi?

Kwenye Excel chagua visanduku, nenda Home, kisha Conditional Formatting. Highlight Cells Rules inatosha kwa mambo mepesi: kubwa kuliko, ndogo kuliko, kati ya, maneno fulani, yaliyojirudia. Kwenye Google Sheets ni Format, kisha Conditional formatting, na paneli inafunguka kulia. LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure na inafaa kabisa kwa ofisi isiyo na leseni, inayo chini ya Format, Conditional.

Kama bado unatumia Excel ya 2003 au ya kabla yake, utakwama kwenye masharti matatu tu kwa kila kisanduku. Kikomo hicho kiliondolewa katika toleo la 2007.

Nataka mstari mzima wa mwanafunzi upate rangi, si kisanduku cha baki peke yake. Nifanyeje?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na anayelielewa ameshamaliza sehemu ngumu.

Tuseme daftari lako la karo lina majina kwenye safu A, darasa safu B, karo ya muhula safu C, kilicholipwa safu D na baki safu E. Vichwa viko mstari wa 3. Mwanafunzi wa kwanza yuko mstari wa 4, wa mwisho mstari wa 180. Chagua A4 mpaka E180, ukianza kuburuta kutoka A4. Kwenye Conditional Formatting fungua New Rule, chagua Use a formula to determine which cells to format, uandike:

=$E4>0

Bonyeza Format, chagua rangi chini ya Fill, kisha OK mara mbili. Kwenye Google Sheets fomula ni hiyo hiyo, ila unaiweka chini ya Custom formula is.

Kazi yote iko kwenye alama ya dola. Hiyo dola imeifunga safu E. Programu ikiwa kwenye A4 inaangalia E4. Ikisogea B4 bado inaangalia E4. Ikishuka A5 inaangalia E5, kwa sababu namba 4 haikufungwa. Ndiyo maana mstari mzima unapokea jibu moja.

Sasa iondoe dola uone. Kwa =E4>0, A4 itaangalia E4, lakini B4 itaangalia F4, C4 itaangalia G4, na rangi zitatapakaa ovyo. Ukifunga vyote viwili, =$E$4>0, kila kisanduku kitamwangalia mwanafunzi wa kwanza tu: yeye akidaiwa, shule nzima inadaiwa. Hali hii ya pili hutokea sana kwa sababu ukibofya kisanduku kwa kipanya badala ya kuandika, Excel huweka dola zote mbili yenyewe. Bonyeza F4 mara mbili na itabaki ile ya mbele ya herufi.

Fomula iko sawa lakini rangi inaangukia mstari wa juu au wa chini. Kwa nini?

Fomula huandikwa kwa niaba ya kisanduku kimoja, kile ulichoanzia kuchagua, na vingine vinahesabiwa kutoka hapo. Ukichagua safu nzima A mpaka E halafu ukaandika $E4, umemwambia mstari wa 1 uangalie wa 4, kwa hiyo wa 2 unaangalia wa 5, na jina lisilo na deni linabeba deni la mtu wa tatu chini yake. Kwenye orodha ya wadaiwa hilo linaweza kuleta ugomvi getini. Hakikisha namba ya mstari kwenye fomula ni ile ile ya mstari wa kwanza wa eneo ulilochagua. Pia usichague kutoka chini kwenda juu, kwa maana Excel itaanzia hesabu kule chini.

Nikijaribu kurekebisha fomula kwa vitufe vya mshale, Excel inaingiza herufi na namba za ajabu.

Bonyeza F2 kwanza. Kisanduku cha fomula kikifunguka huwa kinadhani mshale ni njia ya kuchagua visanduku. F2 inakigeuza kiwe cha kuhariri.

Na ukisahau alama ya = mwanzoni, Excel haitalalamika. Itaichukua fomula yako kama maneno, iizungushie alama za kunukuu, na hakuna kitakachopakwa. Ukifungua Conditional Formatting, Manage Rules, ukakuta ="$E4>0" imekaa hapo, basi ndilo tatizo. Fomula zilizonakiliwa kutoka WhatsApp au Word huja na alama za kunukuu zilizopinda, nazo hazikubaliki. Zifute uandike za kawaida kwa kibodi.

Wote wamekuwa wekundu, hata waliolipa. Nini kimetokea?

Angalia namna fedha zilivyoandikwa. Karani akiandika 350,000/= kama tunavyoandika kwenye risiti, au UGX 350,000 na nafasi mwishoni, Excel inaweza kuona maneno na si namba. Na kwa Excel na Google Sheets, maneno yoyote ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo swali la $E4>0 linajibiwa ndiyo hata kama kilichoandikwa ni 0/=.

Dalili ya haraka: namba halisi hujipanga kulia mwa kisanduku, maneno hukaa kushoto, mradi hakuna aliyebadilisha mpangilio. Ukitaka uhakika, andika pembeni =ISNUMBER(E4). Ikitoka FALSE, tumia Find and Replace kuondoa /= na UGX na nafasi zisizohitajika. Kama baada ya hapo bado hazikubali, chagua safu hiyo, nenda Data, Text to Columns, ubonyeze Finish moja kwa moja. Baada ya hapo waambie makarani waandike 350000 tupu, na mapambo ya shilingi na mikato uyaweke kwa Format Cells.

Nitasema bila kuzunguka: malalamiko mengi yanayoletwa kama tatizo la rangi ni tatizo la takwimu. Rangi imeonyesha uchafu uliokuwepo tangu zamani, na jumla zako chini ya ukurasa nazo zilikuwa hazizihesabu hizo namba.

Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani amepakwa kijani pamoja na waliopata 80 na kuendelea. Inawezekanaje?

Ni ile ile sheria ya maneno na namba. Umeandika X kwa asiyekuwepo, na X inashinda 80. Andika hivi, AND ikidai yote mawili yawe kweli:

=AND(ISNUMBER(C4),C4>=80)

Upande wa pili kuna visanduku vitupu. Fomula =C4<50 inakihesabu kisanduku kitupu kama sifuri, hivyo masomo ambayo bado hayajasahihishwa yanaonekana yamefeli. Kinga ni ile ile ya ISNUMBER. Jizoeze kuiweka kila mara unapolinganisha alama.

Naweza kuonyesha division (madaraja) za P7?

Ndiyo. Kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, jumla ya masomo manne (aggregate) inaanzia 4 kwa aliyepata D1 kote mpaka 36 kwa aliyepata F9 kote, na daraja la kwanza ni jumla ya 4 mpaka 12. Kama aggregate iko safu H:

=AND(ISNUMBER($H4),$H4>=4,$H4<=12)

Kumbuka hapa ndogo ndiyo nzuri. Walimu wengi hutumia Color Scales (rangi zinazobadilika polepole kufuata ukubwa wa namba) zilizo tayari, na ile ya kwanza kwenye orodha huweka kijani juu na nyekundu chini, kwa hiyo mwenye aggregate 4 anang'aa nyekundu. Chagua ile iliyogeuzwa.

Kwa kweli siipendi sana Color Scale kwa matokeo ya darasa. Inalinganisha watoto wenyewe kwa wenyewe. Darasa zima likipata kati ya 78 na 96, mwenye 78 atakuwa mwekundu kana kwamba ameanguka, na mzazi akiona karatasi hiyo hutamaliza kueleza. Kama ni lazima uitumie, fungua Edit Rule ubadilishe Lowest Value na Highest Value ziwe Number, uweke 0 na 100. Data Bars, yaani vijiti ndani ya visanduku, zina kasoro hiyo hiyo: mteja mmoja wa sacco akiwa na akiba ya milioni 40, vijiti vya wenye laki mbili havionekani kabisa.

Nina duka la dawa. Nitajuaje dawa zinazokaribia kuisha muda?

Weka tarehe ya mwisho kwenye safu D na tengeneza kanuni mbili. Nyekundu kwa zilizokwisha:

=AND(ISNUMBER($D4),EOMONTH($D4,0)<TODAY())

Na chungwa kwa zilizobakiza siku 90 au pungufu:

=AND(ISNUMBER($D4),EOMONTH($D4,0)<=TODAY()+90)

TODAY hujisasisha kila faili linapofunguliwa, kwa hiyo huhitaji kugusa chochote. EOMONTH, inayotoa siku ya mwisho ya mwezi, ipo kwa sababu paketi nyingi zina mwezi na mwaka tu. Ukiandika 08/2026, Excel inaweka tarehe 1 Agosti, ilhali dawa hiyo hutumika mpaka mwisho wa Agosti. Bila EOMONTH ungeiondoa rafuni mwezi mzima kabla.

Kuna mtego mwingine hapa, na huu ni wa hatari zaidi. Usiandike Dec 26 ukimaanisha Desemba 2026. Excel itasoma tarehe 26 Desemba ya mwaka huu tulio nao. Andika 12/2026, mwaka kamili. Cha kuchekesha ni kwamba baada ya hapo Excel yenyewe itakuonyesha Dec-26. Usiihangaikie, bofya kisanduku uangalie mwambaa wa fomula juu na utaona tarehe yenyewe.

Kanuni zote mbili ni kweli kwa dawa iliyokwisha. Ipi inashinda?

Iliyo juu kwenye orodha. Kwenye Excel kanuni mpya huingia juu, hivyo ukitengeneza nyekundu kwanza na chungwa baadaye, chungwa itaifunika. Fungua Manage Rules, chagua nyekundu, uipandishe kwa mshale. Google Sheets nayo inafuata ya kwanza iliyo kweli, na unazipanga kwa kuziburuta. Kisanduku cha Stop If True kina maana pale tu kanuni mbili zinapoweza kuonekana pamoja, mfano moja inapaka rangi na nyingine inakoleza maandishi.

Tarehe zangu nyingine zinapakwa na nyingine hazipakwi.

Kompyuta yako huenda imepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia. Ukiandika 15/04/2026 inakuta hakuna mwezi wa 15, inaiacha kama maneno. Ukiandika 03/04/2026 inaikubali bila neno, ila kama tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili. Hiyo ya pili ndiyo mbaya, kwa kuwa haionekani. Badilisha Region kwenye Windows iwe Uingereza au Uganda. Kwenye Google Sheets ni File, Settings, Locale. Kisha rudia kuandika zile zilizoharibika. Kubadilisha mpangilio hakuzirekebishi zilizokwisha kuingia.

Naweza kujikumbusha tarehe za URA (mamlaka ya mapato) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii)?

Unaweza. Marejesho ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na PAYE (kodi ya mishahara), na michango ya NSSF, hufikia mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Weka tarehe ya mwisho safu C na siku uliyowasilisha safu D:

=AND(ISNUMBER($C4),$D4="",TODAY()>=$C4-5)

Mstari utawaka siku tano kabla na kuzimika siku utakapojaza safu D. Bila shaka lazima ufungue faili ndipo uone. Anayefungua mahesabu mara moja kwa mwezi aweke pia ukumbusho kwenye simu.

Nitawezaje kukamata namba za simu na NIN zilizokosewa kwenye orodha ya wanachama?

NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ina herufi na tarakimu 14 kwa jumla. Kanuni hii inapaka yoyote iliyopungua au kuzidi:

=AND($B4<>"",LEN($B4)<>14)

Kwa simu zinazoanza na sifuri badilisha safu na uweke 10. Utashangaa zote zikipakwa, na sababu ni kwamba Excel imeila ile sifuri ya mbele kwa kudhani ni namba ya kuhesabia. Pangilia safu iwe Text kabla ya kuandika.

Waliojiandikisha mara mbili wanapatikana kwa =COUNTIF($B$4:$B$300,$B4)>1. Hapa eneo limefungwa kwa dola zote kwa makusudi, kwa sababu kila mtu analinganishwa na orodha nzima.

Mwenzangu wa Bunia, Kongo, ana kompyuta ya Kifaransa, na fomula zangu zinakataa kwake.

Mkiandika ndani ya kompyuta yake tumieni nukta-mkato badala ya mkato, na majina ya Kifaransa: ET badala ya AND, AUJOURDHUI badala ya TODAY. Mkitumiana faili lenyewe Excel inajitafsiria. Shida huja mkitumiana fomula kwa ujumbe.

Naweza kulinganisha na orodha iliyo kwenye shiti nyingine?

Excel ya 2010 na kuendelea inakubali moja kwa moja. Google Sheets inataka INDIRECT, kwa mfano:

=COUNTIF(INDIRECT("Waliolipa!A:A"),$A4)>0

Printa yetu ni ya nyeusi na nyeupe.

Basi nyekundu na kijani zitatoka kijivu kimoja. Ongeza Bold au mpaka kwenye kanuni, au tumia Icon Sets zenye maumbo tofauti. Itawasaidia pia wale wasiotofautisha rangi hizo mbili, ambao wapo katika bodi nyingi na hawasemi.

Nitumie rangi ngapi?

Mbili, tatu zikizidi. Na zielekee kwenye kinachotaka mtu ainuke akafanye jambo: wa kupigiwa simu, dawa ya kuondoa, fomu ya kujaza. Aliyelipa hahitaji kijani. Mwacheni mweupe. Meneja anayetaka kila hali iwe na rangi yake apewe safu ya hali yenye maneno. Inachujika vizuri zaidi.

Faili limekuwa zito na Manage Rules imejaa kanuni zilezile mara mia.

Ni kunakili na kubandika. Kila unapobandika kisanduku pamoja na mapambo yake, Excel hukata eneo la kanuni vipande na kuongeza nakala. Bandikeni kwa Paste Special, Values. Kwa faili lililokwisha kuharibika usihangaike kufuta moja moja: nakili fomula mbili tatu unazozihitaji mahali pembeni, nenda Clear Rules, Clear Rules from Entire Sheet, halafu uziunde upya. Usihifadhi kazi hii kama CSV, kwa maana CSV haibebi rangi wala kanuni.

Naweza kuhesabu visanduku vyekundu?

Usihesabu rangi, hesabu sharti. Kama nyekundu ni baki inayozidi sifuri, =COUNTIF(E4:E180,">0") itakupa idadi ya wadaiwa, na =SUMIF(E4:E180,">0") itakupa jumla ya wanachodaiwa.